Jembe la Mahari Halilimi

Niboye, Kigali
Jumapili, 4 Februari 2024

Babu Berchmans,

Shikamoo. Najua wewe na simu mligombana tangu masikio yalipokuacha; mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu ukanijibu habari za mbuzi. Kwa hiyo naandika, na barua nampa Ismaël wa Rwezamenyo, yule dereva wa lori anayepita Rusumo. Ameniambia, "Barua ya Muzee iko kwa kiti ya mbele, si kwa mizigo." Nimemwamini.

Ijumaa nilimsindikiza mteja wa ofisi yetu ya uwakili hadi ofisi ya sekta, kama ofisi ya kata huko kwenu. Nikiwa kwenye foleni nikasoma ubao wa matangazo ya ndoa, kama mtu anavyosoma chochote akichoka kusimama. Nikaona jina la baba. Muhire Gaspard, ingaragu, yaani mtu asiye na mke. Bibi harusi anaitwa Pretty, ana duka la kushona nguo Nyakabanda, na tuna umri mmoja.

Babu, baba yuko nyumbani. Asubuhi ile ile alikunywa chai aliyopikiwa na mama, akalalamika kwamba tangawizi imezidi.

Nieleze ili unielewe. Huku ndoa inayotambulika ni ile ya mbele ya afisa wa serikali, mkono juu ya bendera. Wewe unajua kwamba mama na baba walioana huko Ngara tukiwa bado wakimbizi, kwa ng'ombe na jembe, na kwamba mshenga ulikuwa wewe. Lakini tangu tuhamie Kigali hawakwenda sekta hata siku moja. Basi kwa maandishi mama ni mwanamke anayeishi tu katika nyumba ya Muhire. Hati ya nyumba ina jina la baba peke yake. Baba akishika bendera na Pretty, mke ni Pretty, na mama itabidi atafute pa kwenda. Hana pengine.

Chuoni walitufundisha vyanzo vya sheria kama ngazi. Juu kabisa Katiba, kisha sheria, kisha amri za serikali, na chini kabisa mila, inayoruhusiwa kusema pale tu maandishi yaliponyamaza, tena iwe na adabu. Mtihani ule nilifaulu vizuri. Sikujua kwamba mama yangu amesimama kwenye kipandio kile cha mwisho.

Naomba uniandikie yote unayokumbuka ya siku ya harusi yao: nani alikuja, nini kilitolewa, nani alikunywa. Na lile jembe la mahari bado unalo? Nataka lipigwe picha. Mama sijamwambia. Nalala vibaya, nakula nikiwa nimesimama.

Mjukuu wako,
Winifred


Ngara
3 Februari 2024

Mjukuu wangu mwenye posa,

Kumbe umekua mpaka wa kunificha mambo! Nimeisikia habari yako kwa baba yako, si kwako. Haya, mficha uchi hazai, lakini nimekusamehe kwa sababu nimefurahi.

Muhire alinijia juma lililopita na blanketi jipya na kreti ya bia. Akanisogelea sikioni akapiga kelele kwamba Winny anaolewa, na kwamba mkewe Mukashema anataka jembe la mahari yake liwekwe mbele ya wakwe siku ya posa. Nikamwambia arudie. Akarudia, hata majirani zangu wote wakatoka nje kunipongeza, na Béatha wa nyumba ya pili akapiga vigelegele kutoka jikoni kwake.

Nikampa. Jembe hilo nilikabidhiwa na bibi yako mzaa mama kabla hajafa, akaniambia maneno ambayo kwetu kila mshenga huyajua: jembe la mahari halilimi, halikopeshwi, halitiwi mpini. Hukaa kwa mshenga. Ndoa ikivunjika, mume huja kulidai mbele ya watu, akaeleza sababu, na watu wakisikia, mwanamke huwa huru. Kwa miaka yote hiyo limekaa juu ya dari langu, kavu, limefungwa kwa gunia. Kulitoa kwa ajili ya harusi ya binti ni jambo jingine, ni heshima.

Sasa niambie huyo kijana ni nani. Anakunywa? Ana ndugu? Anajua kuheshimu wazee viziwi? Mguu wangu ukikubali nitakuja na fimbo yangu ile ya misa kubwa.

Ni mimi,
Jean-Berchmans


Niboye, Kigali
Jumatano, 14 Februari 2024

Babu,

Barua zetu zimepishana njiani. Wewe uliandika siku moja kabla yangu, kwa hiyo sasa hivi utakuwa umesoma ya kwangu na umeshaelewa. Sina mchumba. Hakuna posa. Katika nyumba hii anayeoa ni baba peke yake.

Nilipoisoma barua yako nilicheka kwanza, kisha nikakaa sakafuni. Baba amelitafuta jembe kwa sababu alijua nikigundua ndoa yake nitalitafuta. Nimepekua nyumba nzima, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, stoo ya mkaa. Mama akaniuliza nimepoteza nini, nikasema hereni.

Siwezi kutulia. Nikipanda pikipiki kurudi nyumbani nashuka Sonatube, natembea njia iliyobaki ili nichelewe kumwona baba akisoma gazeti kama mtu asiye na deni la neno kwa yeyote. Ananiuliza habari za kazi. Namjibu. Jana nilimpakulia chakula, nikamwaga mchuzi mezani, akaniambia nipumzike.

Lakini nimeona mlango, Babu. Sheria yetu ya hapa inakubali ndoa iliyofungwa nchi nyingine ikiwa ilifuata sheria ya nchi hiyo. Na sheria ya Tanzania inatambua ndoa ya kimila. Basi mila ikibisha hodi hapa kwa jina lake itawekwa benchi la mwisho. Ikipitia kwenu itaingia imevaa nguo za sheria, na itabidi waipe kiti. Sihitaji kuthibitisha kwamba mila ni nzuri. Nahitaji kuthibitisha kwamba siku ile huko Ngara watu wawili walioana, na walioona bado wako hai.

Pingamizi nitaliweka Jumatatu, kabla muda wa tangazo haujaisha. Ushahidi ndio sina. Nilikuwa na jembe.

Winifred


Ngara
23 Februari 2024

Winny,

Nimesoma barua zako zote mbili, nikazisoma tena, kisha nikatoka nikalirudisha blanketi la baba yako kwenye mfuko wake. Bia imenywewa, hiyo siwezi kuirudisha.

Nimedanganywa na mtu niliyemtafutia mke. Nilitembea kwa ajili yake nyumba hadi nyumba, viatu vyangu vikaisha, nikawaambia wazazi wa Mukashema kwamba kijana huyu hana maneno mawili. Ninaona aibu, na hasira yangu haikai mahali pamoja. Nampigia kelele hata mbuzi.

Hata hivyo, sikiliza. Jembe ni chuma tu. Likichukuliwa kwa uongo, bila watu na bila sababu, hilo limeibwa, halijadaiwa. Ndoa haiko kwenye jembe. Iko midomoni mwa walioinywea. Wengi wao wamekufa, lakini Béatha, yule aliyemwogesha mama yako na kumvika siku ile, yuko hai na hajasahau hata aliyemwaga mtungi. Jana nilikwenda naye kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, tukaapa, tukaandikiwa, tukagongewa muhuri.

Tena kuna hili. Baba yako alipokuja ilimbidi apige kelele kwa sababu ya masikio yangu. Kijiji kizima kilimsikia akisema "mke wangu Mukashema" na "jembe la mahari yake". Angemdanganya mtu mwenye masikio mazuri, angenong'ona, na leo tungekuwa hatuna kitu. Majirani wamekubali kuapa. Uziwi huu nimeulalamikia sana kanisani. Nadhani sasa niombe radhi.

Neno moja la mwisho. Muulize mama yako kwa nini hakwenda sekta. Muulize kama binti, si kama wakili.

Jean-Berchmans


Nyakabanda, Kigali
9 Machi 2024

Mzee wangu,

Salamu zangu najua huzitaki. Nakuandikia kwa sababu kukupigia kelele tena siwezi.

Ndoa yangu imesimamishwa. Pingamizi limewekwa na mwanangu mwenyewe, na nimeonyeshwa kiapo chako na cha Béatha. Nimehama nyumbani kwa muda. Niko kwa rafiki hapa Nyakabanda, nasikia cherehani za Pretty kuanzia asubuhi.

Wewe umeshika upande mmoja, basi shika na huu. Tulipofika Kigali nilimwomba Mukashema twende sekta. Alikataa. Viongozi walipokusanya watu wanaoishi pamoja ili wafungishwe ndoa kwa wingi, nilivaa koti, nikakaa kwenye kiti nikimsubiri, akaenda shamba. Walipokuja kuandikisha viwanja nilimwomba tena, nikamwambia hati itatoka na majina mawili. Akaniambia yeye si mtu wa kuhalalishwa. Karani akaniuliza kama nina cheti cha ndoa. Nikasema sina. Akaandika ingaragu.

Neno hilo liliniuma, nakuapia. Kisha nikalizoea. Kisha, Mzee, nikaanza kuliona kama mlango ulioachwa wazi. Kwa sheria mimi sina mke. Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Kuhusu jembe, nilikosea kukudanganya. Liko dukani kwa Pretty, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hajui ni la nini, nilimwambia ni chuma cha kuzuia mlango. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo.

Muhire


Niboye, Kigali
Jumapili, 17 Machi 2024

Babu,

Ismaël ameniletea kopi ya barua ya baba uliyonitumia. Sikujua. Miaka yote niliamini baba ndiye aliyekataa, na mama akavumilia. Ndivyo nilivyowaambia marafiki zangu, ndivyo nilivyomwambia hata wakili mkuu wa ofisi yetu alipokubali kulichukua shauri hili.

Nilimkuta mama, ambaye nimeshamweleza habari za pingamizi, anachambua maharage. Nikakaa chini kando yake, nikachambua nami, kisha nikamuuliza kwa nini hakwenda sekta. Hakuniuliza kwa nini nauliza. Alisema, "Mimi niliolewa mbele ya watu. Kama wangenihalalisha kule sekta, wewe uliyezaliwa kabla ungekuwa nani?"

Nikamwambia sheria haisemi hivyo, kwamba mtoto ni mtoto. Akasema hajali sheria inasemaje, anajali watu wangesema nini, na yeye mwenyewe angejiambia nini akivua kanga kulala. Akaendelea kuchambua. Nikajikuta namkasirikia kuliko ninavyomkasirikia baba. Kiburi kile ndicho kilichomwandika baba ingaragu! Na kiburi kile kile ndicho kilichonifanya nikue bila kuona haya kwa mtu yeyote. Sijui niviweke wapi viwili hivyo.

Wakili wa baba ni hodari. Atauliza hiyo mila ilikuwa ya nani. Walikuwa wakimbizi Wanyarwanda katika nchi ya watu, wameoana kwa ng'ombe wa kukopa na jembe la dukani. Atauliza jembe lenyewe liko wapi. Atasema kama walijiona wameoana, mbona mwanamume alijiandikisha hana mke na mwanamke akanyamaza?

Ninalala saa chache, naamka nikipanga majibu. Linaloniogopesha zaidi si kushindwa. Naogopa nikishinda nitakuwa nimemrudishia mama mume aliyekwisha kutoka. Na sijamuuliza kama anamtaka.

Kesi itasikilizwa mwezi wa sita.

Winifred


Ngara
28 Machi 2024

Winny,

Huyo wakili hodari akiuliza mila ya nani, mwambie mila ni ya walioitii, na sisi tuliitii. Lakini maneno hayo hayatoki vizuri kwenye kiapo kilichogongwa muhuri. Nitakuja kuyasema mwenyewe. Ismaël ameniambia kiti cha mbele si cha barua tu. Béatha atakuja pia, ila ametaka akae dirishani.

Jaji anitazame anaponiuliza. Nikiona midomo nasikia kidogo.

Jean-Berchmans


Niboye, Kigali
22 Septemba 2024

Baba mshenga,

Shikamoo. Leo naandika mimi, Mukashema, kwa Kiswahili chetu cha shule ya Ngara, uvumilie mwandiko.

Hukumu imetoka. Jaji amesema mimi ni mke halali wa Muhire tangu siku ile uliyotembea kwa ajili yake, si tangu leo. Alisoma jina lako na la Béatha. Alisema pia kwamba mtu aliyepaza sauti hadi kijiji kizima kikasikia "mke wangu" hawezi kuja mahakamani akanong'ona kwamba hana mke. Watu walicheka kidogo, kwa sababu walikukumbuka mwezi wa sita ulivyomjibu jaji kwa sauti ya kuita ng'ombe. Muhire hakucheka. Nilimtazama nikaona amezeeka, nikamhurumia, na huruma hiyo ikaniudhi.

Winny alilia, akanikumbatia pale pale kwenye ngazi. Nilimwacha alie. Mtoto huyu amekonda kwa ajili yangu.

Sasa nikwambie nililomficha hata yeye. Lile tangazo la ubaoni nililiona kabla yake. Muuza nyanya wa sokoni ndiye aliyenishika mkono akanipeleka, mimi nikalisoma, nikarudi, nikapika chai, tangawizi nikaizidisha makusudi. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilitaka aniambie. Nilimpa kila asubuhi nafasi ya kuniambia, akalalamikia tangawizi tu. Siku hizo zote Winny alipokuwa anapekua stoo ya mkaa akitafuta hereni, nilijua anatafuta nini, na nilinyamaza, kwa sababu niliogopa nikifungua mdomo nitamwambia kwamba kosa ni langu pia.

Muhire alisema kweli. Mara zote alizoniomba twende sekta nilikataa. Niliona nikipanga foleni na wanaohalalishwa nitakuwa nimekiri kwamba ulichofanya wewe, na mama yangu, na Béatha aliyenivika, kilikuwa mchezo wa watoto. Sijutii nilivyoona. Najuta sikumweleza Muhire; nilimwambia hapana, nikaenda shamba.

Yule msichana Pretty alikuja hapa, siku mbili baada ya hukumu. Alikuwa amelileta jembe, amelifunga kwa kitenge kizuri kutoka dukani kwake. Alisema hakujua ni la nini mpaka aliposikia mahakamani, na tangu siku hiyo hakuweza kukata kitambaa juu ya meza ile. Nilimkaribisha chai. Hatukuwa na mengi ya kusema. Alipoondoka nililitazama jembe, nikaona ni dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Jioni hiyo nilimwita Muhire nikamwambia nitaomba talaka.

Winny aliposikia alinijia juu. Mama, tumepigana miezi yote hii uitwe mke! Nikamwambia ndiyo. Mtu asiye mke haachi, hufukuzwa. Nilikuwa nahitaji kuwa mke ili niweze kuacha. Sasa tutagawana kama watu waliooana, mbele ya jaji, na nitatoka katika ndoa hii kwa mlango ule ule nilioingilia, nikiwa nimesimama. Nyumba nitabaki nayo mimi, Muhire amekwisha kukubali. Yeye atachukua kiwanja chetu kingine, cha kule juu.

Likabaki jambo la jembe, na hili ndilo ninalokuandikia. Mila uliyoniachia inasema mume akitaka kuvunja huja kwako kulidai. Mwanamke akitaka, mila haisemi kitu. Nimefikiri sana, sikukumbuka hata mmoja wa mama zetu aliyewahi kuuliza. Nikamuuliza Winny wao hufanyaje kwenye sheria pale hakuna neno lililoandikwa. Akanieleza kwamba jaji hawezi kusema "sijui" akafunga daftari. Hutazama hukumu za zamani, hutazama mila, kisha huweka kanuni ambayo angeiweka kama yeye ndiye angekuwa mtunga sheria. Nikamuuliza kama ni lazima awe jaji. Akacheka, mara ya kwanza tangu Februari.

Kwa hiyo sikulirudisha kwako, Baba, na nakuomba usikasirike. Juzi mvua ya kwanza iliponyesha nilimpa fundi wa Rwezamenyo alitie mpini. Jana nililima nyuma ya nyumba, kuanzia ukutani hadi kwenye mparachichi. Limekata vizuri, chuma cha zamani kile. Nimepanda maharage. Yakikomaa nitakutumia kwa Ismaël, na ya Béatha kando.

Mimi,
Mukashema